CHAKULA USICHOKIJUA USIKITIE ILA

Wahenga walinena, "Mla, mla leo, mla jana kala nini?" Maana yao ni kwamba shibe ya jana haimfai mtu leo. Lakini ukikaa barazani katika mitaa yetu ya pwani baada ya sala ya Isha, dele la kahawa tungu likizunguka na kashata zikitafunwa, utaona ya kuwa tumbo ndilo lililosahau, ulimi haukusahau hata kidogo. Mmoja atasimulia pilau aliyoila arusini Ijumaa iliyopita, jinsi nyama ilivyokuwa ikijiachia mfupani. Wa pili atamjibu kwa samaki wa kupaka aliyemla kwa shemeji yake. Wa tatu, ambaye amerudi juzi kutoka safari ya bara, ataulizwa: "Haya bwana, na huko walikulisha nini?" Naye akisema alikaribishwa dagaa wa ziwani, au akasema aliona watu wakila kumbikumbi, baraza nzima itaguna.

Guno hilo ndilo nitakalo tulizungumze leo. Kwani katika mazungumzo ya vyakula tulivyokula, mna mambo mawili ambayo twayapitia juu juu, nayo ni mazito. La kwanza ni yule aliyekaa pembeni ya baraza, asiyesema amekula nini. La pili ni kile chakula kilichogunwa.

YULE ALIYENYAMAZA

Hebu tuanze na yule aliyenyamaza. Yeye hakula pilau wala biriani. Jana kwake kulipikwa sima na mchunga, na juzi muhogo wa kuchemsha kwa chai ya rangi. Si kwamba hakushiba. Alishiba na akamshukuru Mola wake. Lakini amesikia baraza ikihesabu nyama na samaki wa thamani, na akaona chakula chake hakina la kusimuliwa. Mkewe naye yamemfika yayo hayo. Zamani alikuwa akiwapelekea majirani sahani iliyofunikwa kwa kawa, na sahani ile ilikuwa hairudi tupu. Siku hizi akiulizwa, husema, "Leo sikupika kitu." Amepika, ila anaona haya kupeleka mboga ya majani mahali ambapo watu wanatarajia katlesi na sambusa.

Ndivyo sahani za jirani zinavyopungua mitaani mwetu. Wengi husingizia ughali wa maisha, na ni kweli mafuta, unga na nazi vimepanda bei. Lakini ughali peke yake haukuzuia sahani. Wazee wetu walikuwa maskini kuliko sisi, na sahani zilikuwa zikipita. Kilichozuia ni haya, na haya hiyo tumeifanya sisi wenyewe, kwa kukipa kila chakula cheo chake kana kwamba ni maofisa wa serikali.

Tukumbuke Mtume wetu (S.A.W.) alimwusia nini sahaba wake Abu Dharr. Alimwambia kwamba apikapo mchuzi autie maji mengi, kisha awaangalie majirani zake. Hakumwambia angoje mpaka apate kondoo. Alimwambia aongeze maji! Mchuzi ulioongezwa maji si mchuzi wa kujivunia, wala mpishi hodari hawezi kuusimulia barazani. Lakini ndio uliousiwa. Basi mama mwenye mchunga na nazi yake kidogo anao wasia mkononi, na asiupoteze kwa kuwaogopa wenye biriani.

UGENI WA JANA NI UENYEJI WA LEO

Sasa tukiendee kile chakula kilichogunwa. Mtu wa pwani akisikia chakula asichokijua, neno la kwanza kumtoka ni, "Hicho si chakula chetu." Maneno haya yanapendeza, lakini tukiyachungua tutaona hayana miguu ya kusimamia.

Msafiri mashuhuri Ibn Battuta alipita pwani hii mwaka wa 1331. Alipofika Mogadishu alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Aliletewa pia ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, ya pilipili, ya tangawizi mbichi na ya maembe. Kisha akafika Mombasa, akalala usiku mmoja. Akaandika kwamba wenyeji wake ni wacha Mungu wafuatao madhehebu ya Imamu Shafii, na kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa ni ndizi na samaki. Nafaka, alisema, ililetwa kwao kutoka sehemu nyingine za pwani.

Tazama basi orodha hiyo, msomaji, kisha utafute kilichokosekana. Hamna sima ya mahindi. Hamna muhogo wa nazi. Hamna viazi karai. Hamna nyanya katika mchuzi, wala nanasi, papai, pera au korosho. Hata pilipili iliyotajwa si hii nyekundu ya kutuwasha midomo, kwani hii haikuwa imefika bado. Vitu vyote hivyo asili yake ni bara la Amerika, na vilivuka bahari kuja huku baada ya Wareno kuingia pwani yetu mwaka wa 1498. Mahindi yenyewe jina lake lakiri kwamba ni mgeni, maana mababu waliyaita kwa jina la Hindi, kule walikodhani yametoka.

Na hata vile alivyovikuta Ibn Battuta vilikuwa wageni wa kale. Mnazi, mgomba na mpunga vyote vilitoka Asia kabla yake, vikaota mizizi hapa. Biriani na sambusa ziliondoka Uajemi zikapitia Bara Hindi. Halwa ilitushukia kutoka Omani. Chapati tumefundishwa na Wahindi, ambao idadi yao ilizidi sana ilipojengwa reli kutoka Mombasa mwaka wa 1896 hadi Kisumu mwaka wa 1901. Na leo chapati ni chakula cha sikukuu katika Kenya nzima, pwani na bara. Chai, ambayo bila ya hiyo hatujui kuamka, ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka wa 1903.

Kwa hivyo, kila unachokiita "chetu" kuna mtu wa kwanza aliyekionja. Kuna mama mmoja, jina lake halijulikani, aliyelikamua tui la kwanza juu ya muhogo wa kwanza. Lau naye angaliguna, sisi leo tungalikosa chakula kinachotufuturisha kila Ramadhani. Na ikumbukwe kwamba hakuonja kwa pupa. Muhogo mchungu una sumu, na aliyekula bila kuuroweka na kuuanika alidhurika. Walioupokea walijifunza namna ya kuula, wakatufundisha na sisi. Kuonja kwa akili ndiko kulikotulisha.

VYAKULA VYA NDUGU ZETU

Tuje kwa ndugu zetu wa bara. Wakalenjin wana mursik, maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa makaa ya miti maalumu, mpaka yakafanya rangi ya kijivujivu. Mwanariadha akirudi na medali kutoka ng'ambo, hupokewa kwa kibuyu hicho. Mtu wa pwani akiiona rangi ile husita. Lakini ni nini kile ila maziwa lala kama yetu, yaliyotiwa harufu ya moshi, kama vile sisi tunavyofukiza mtungi wa maji kwa ubani ili maji yanukie?

Wajaluo wana omena, dagaa wadogo wa Ziwa Victoria. Sisi tukiwasikia tunaziba pua. Lakini mwite mgeni wa Kisumu au wa Nyeri umwandalie papa ng'onda, au umwonyeshe pweza aliyetundikwa na mikono yake minane, kisha umtazame uso! Nyani haoni kundule. Harufu ya papa tumeizoea tangu tuko mapajani kwa nyanya zetu, ndiyo maana twaiona tamu. Mtoto wa ziwani naye amezoea yake.

Je, dini yetu inasemaje juu ya jambo hili? Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) hakuwa akikitia ila chakula chochote. Alipokipenda alikula, na asipokipenda alikiacha. Siku moja alikuwa nyumbani kwa Bibi Maimuna, na pamoja naye Khalid bin Walid. Kikaletwa chakula cha dhabb, mnyama wa jangwani afananaye na guruguru, aliyechomwa. Mtume alipoambiwa ni nini aliuondoa mkono wake. Khalid akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kwamba la, ila mnyama yule hakuwa akipatikana katika nchi ya watu wake, kwa hivyo nafsi yake haikumkubali. Khalid akamvuta dhabb yule akamla, na Mtume akitazama.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. Mmoja hakula, na mwingine alikula. Asiyekula hakusema chakula ni kibaya, wala hakumcheka alaye. Na alaye hakumlazimisha asiyetaka. Kuacha chakula kwa sababu hukukizoea si kosa. Kosa ni kukitukana, maana ukitukana chakula cha mtu umemtukana mama yake aliyempikia.

Mipaka ipo, nayo haifichiki. Mutura ya damu si yetu, kwani damu ni haramu. Busaa ni kileo. Nyama isiyochinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu hatuli. Kumbikumbi nao, wanavyuoni wa madhehebu ya Kishafii hawakuwaruhusu, wala wadudu wengine mfano wao, ingawa wenzetu wa Kimaliki wamelegeza. Bali nzige ni halali bila ya ubishi, na masahaba walipigana vita kadhaa pamoja na Mtume huku chakula chao kikiwa nzige. Basi anayemcheka mla nzige, ajue anamcheka nani.

Lakini hapa pia pana haja ya akili. Nzige walipoingia Kenya mwishoni mwa mwaka wa 2019, wengi mno kuliko ilivyopata kuonekana kwa miaka 70, serikali iliwanyunyizia dawa za sumu. Nzige aliyenyunyiziwa dawa haliwi, hata kama asili yake ni halali. Uhalali wa kitu ni mlango wa kwanza. Mlango wa pili ni usalama wake, na wengi wamesahau kuubisha.

BAHARI NAYO INA YAKE

Mtu wa pwani hujiona ni bingwa wa vya baharini. Naye ana haki, kwani madhehebu yetu yamefungua mlango huo kwa upana. Kuna kisa cha jeshi la watu 300 lililoongozwa na Abu Ubaida bin Jarrah, likaishiwa na chakula hadi watu wakawa wanakula majani. Walipofika pwani waliona kitu mfano wa kilima. Kumbe ni nyangumi aliyetupwa na maji. Walimla siku nyingi, wakanenepa. Walipomweleza Mtume, aliwaambia hiyo ni riziki waliyoletewa na Mungu, akaomba naye aletewe kipande chake, akala.

Hata hivyo baharini kwetu mna vitu ambavyo tunavikanyaga kila siku na hatujui kwamba ni chakula. Wapiga mbizi wetu wa Shimoni, Vanga na Gazi huokota jongoo bahari, wakawakausha na kuwauza. Hao husafirishwa hadi Uchina, na huko huliwa kwa bei ya kutisha. Ni nadra kumkuta mvuvi aliyemtia jongoo chunguni mwake. Mwani nao, ambao zamani tuliuona ni uchafu wa ufuoni, siku hizi akina mama wa Kibuyuni, kule Kwale, wanaulima kwa kamba kama shamba, na ndugu zao wa Unguja na Pemba waliwatangulia tangu miaka ya 1980. Mwingi wao huuzwa ng'ambo, lakini wamo wanaoutumia kutengeneza sabuni, na hata keki na maji ya kunywa. Atakayekaribishwa keki ya mwani aionje kabla hajaguna.

Lakini vyakula viwili sivipendekezi kwa mtu, bali navionya. Cha kwanza ni kasa. Nyama yake husifiwa sana na wazee wa visiwani, na kila mwaka wapo wanaoificha na kuila. Mwezi wa Machi mwaka wa 2024, katika Kisiwa Panza, Pemba, watu waliokula kasa walidhurika, wakafa watoto wanane na mtu mzima mmoja, na wengine 78 wakalazwa hospitali. Mwezi wa Novemba mwaka wa 2021 palikuwa pamekufa watu saba Pemba kwa sababu hiyo hiyo. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, haina dawa ya kuitengua, wala mtu hawezi kuijua kwa macho au kwa harufu. Kasa mmoja huliwa asidhuru, na wa pili akamaliza ukoo. Watoto ndio wanaotangulia kufa, maana miili yao haihimili. Isitoshe, kasa analindwa na sheria ya wanyama ya Kenya ya mwaka wa 2013, na kumchinja ni kosa.

Cha pili ni bunju. Huyu kila mvuvi anamjua, hujifura akaguswa. Sumu yake imo zaidi katika maini na mayai yake, nayo moto hauiui. Humfanya mtu afe ganzi midomo, kisha viungo, kisha pumzi. Mwenye njaa huambiwa, "Ukimsafisha vizuri hana neno." Neno analo. Na kitu kinachoua hakiwezi kuwa halali, hata kama kimetoka baharini, kwani kujidhuru kumekatazwa.

Naam, hapa ndipo ile desturi ya kusimuliana tulichokula inapopata faida yake kubwa. Kijiji ambacho watu husema wazi wamekula nini, habari ya sumu huenea kabla ya chungu cha pili kutelekwa. Kijiji ambacho watu huficha, kila nyumba hujifunza peke yake, na mafunzo yake huwa ni makaburi.

VYETU VILIVYOGEUKA WAGENI

Kinyume cha mambo ni kwamba huku tukiguna vya wenzetu, vyetu wenyewe navyo vinatuhama. Mwulize kijana wa leo wa Majengo au wa Malindi mkate wa mofa uliochomwa katika tanuri ya udongo una ladha gani. Mwulize boko boko, ngano na nyama zilizosongwa mpaka zikawa kitu kimoja. Mwulize mnavu, au uji wa mtama. Wengi watakwambia wamevisikia majina tu. Chipsi wanazijua kwa kila namna ya rangi ya mchuzi unaomiminwa juu yake. Lakini mchunga uliotiwa nazi, ambao ulikuwa mboga ya kila nyumba, wao ndio watakaouita chakula cha ajabu.

Hali hii si ya pwani peke yake. Mwaka wa 2007 wataalamu na vikundi vya wananchi wa Kenya walianza kazi ya kuandika vyakula vya asili vya makabila yetu na kuvirudisha, hata mashuleni. Mwaka wa 2021 Shirika la UNESCO liliitia kazi hiyo katika daftari lake la mifano bora ya kuhifadhi urithi. Ni heshima kubwa kwa nchi. Lakini daftari halipiki. Chungu kisipotelekwa nyumbani, hata UNESCO haitaweza kutulisha.

Tazama ndugu zetu waliohamia Omani kutoka Unguja na Mombasa. Walichukua mandazi, na leo ukifika Maskati utayakuta, na utaikuta mishkaki ikichomwa njiani kwa jina lile lile tunalolijua. Wao walivuka bahari na hawakuona haya kuwaonjesha wenyeji. Nao wenyeji hawakuona haya kuonja. Sisi tulio hapa tumeshindwa kumwonjesha jirani wa mlango wa pili?

SAHANI IANZE KUPITA

Basi msomaji, nakusihi mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha. Kwanza, ukikaa barazani, simulia chakula cha jana kama kilivyokuwa. Kama kilikuwa sima na mchunga, kitaje kwa sauti ile ile uliyotajia pilau. Aliyenyamaza pembeni atakusikia, na huenda naye akafunua lake.

Pili, ukikaribishwa chakula usichokijua, uliza kwa upole kimepikwa kwa nini na kimechinjwa na nani. Kikiwa si halali, shukuru na uombe radhi, na mwenyeji mwungwana atakuelewa. Kikiwa ni halali na salama, piga bismillahi, tumia mkono wa kulia, na onja tonge moja. Ukipenda, ongeza. Usipopenda, acha kwa adabu kama tulivyofundishwa, bila ya kukunja uso.

Tatu, usingoje Ramadhani wala usingoje nyama. Leo jioni chukua sahani moja ya ulichopika, chochote kile, uifunike kwa kawa na kumpa mtoto aipeleke nyumba ya pili. Na kama jirani huyo ni mgeni aliyehamia kutoka bara, mwenye desturi zake na vyakula vyake, huyo ndiye wa kuanza naye. Hatajua jina la ulichomletea. Atauliza, na mtoto atamwambia. Kesho sahani yako itakuja na kitu ambacho nawe hukijui jina.

Itakapofika, usiikate kwa guno. Uliza.